Amri ya Serikali na Ghala la Mkulima

Mfugaji aamkaye alfajiri kukamua hahitaji kuambiwa na mtu kwamba chakula cha mifugo kimepungua. Ndoo humwambia. Juzi ilijaa, jana ilifika nusu, na leo maziwa hayatoshi hata kulipa deni la dukani. Hivyo ndivyo wafugaji wengi wa Kenya walivyoyajua mambo katika miaka ya 2021 na 2022, kabla ya magazeti kuandika na kabla ya wakubwa kukutana. Bei ya gunia la unga wa ng'ombe wa maziwa ilipanda mara kwa mara. Bei ya chakula cha kuku ikapanda pamoja nayo. Lakini malipo ya maziwa na mayai hayakupanda kwa kadiri hiyo.

Karani aliyeko mjini, ambaye alijenga banda la kuku nyumbani kwake ili apate karo ya watoto, naye aliyaona hayo hayo. Kuku hawangoji mwisho wa mwezi. Kuku mmoja wa mayai hula kadiri ya gramu 120 kwa siku. Basi kuku 200 hula kilo 24, na gunia la kilo 70 haliwatoshi siku 3. Mtu awezaye kuandika hesabu za ofisi nzima bila kosa alijikuta hana njia ya kusawazisha hesabu za banda lake mwenyewe. Wengi waliuza kuku wao kabla ya wakati, na wengine waliuza ng'ombe waliowalea tangu wakiwa ndama.

Mwaka 2021 ulipokuwa ukielekea mwisho, swali lililosikika sokoni, katika vyama vya ushirika vya maziwa na katika baraza za machifu lilikuwa moja: Serikali inafanya nini? Swali hilo lilikuwa la haki, nalo lastahili jibu la haki. Serikali haikukaa kimya. Ilitoa amri, na nia ya amri hiyo ilikuwa njema. Lakini kutoka Gazeti Rasmi mpaka kwenye hori la ng'ombe kule Kiambu au Nandi ni safari ndefu, na afadhali mkulima aijue safari hiyo, maana ataikuta tena.

SABABU ZA UPUNGUFU

Sababu ya kwanza ni mvua. Mvua za vuli za mwaka 2020 hazikutosha katika sehemu kubwa za kaskazini na mashariki ya nchi. Masika ya 2021 yakafuata hali hiyo. Kisha vuli ya 2021, masika ya 2022, na vuli ya 2022. Misimu 5 ilifuatana bila mvua ya kutosha, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa muda wa miaka 40. Tarehe 8 Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame huo kuwa msiba wa taifa. Katika nchi za wafugaji wa kuhamahama, tangu Marsabit na Wajir hata Kajiado, mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa kabla ya mvua kurudi mwezi wa Machi 2023.

Sababu ya pili ni mahindi. Wakenya walio wengi hula mahindi meupe. Kinu kikisaga mahindi hayo kupata unga wa sembe, kiini na pumba hutengwa, navyo huwa chakula cha mifugo. Kwa hiyo ng'ombe na mwenye ng'ombe hula sahani moja. Mahindi yakipungua nchini, unga wa ugali hupanda bei, na pumba nazo hupanda. Na katika shindano hilo mtu hutangulizwa, kama ilivyo haki. Mwezi wa Julai 2022 Serikali iliagiza pakiti ya kilo 2 ya unga wa ugali iuzwe kwa shilingi 100, na gharama iliyozidi ikabebwa na Hazina kwa muda mfupi. Hakuna aliyetazamia kwamba gunia la ng'ombe lingefanyiwa vivyo hivyo.

Sababu ya tatu haisemwi sana, nayo ni mashudu. Ng'ombe hatoi maziwa mengi kwa pumba peke yake. Hutaka pia chakula cha kujenga mwili, na chakula hicho hutoka katika mashudu ya pamba, ya alizeti na ya soya, yaani makapi yabakiayo baada ya mafuta kukamuliwa. Lakini ukulima wa pamba nchini Kenya ulianguka vibaya katika miaka ya 1990, na vinu vingi vya kuchambulia pamba vikafungwa. Mafuta ya kupikia yatumiwayo na Wakenya hutokana zaidi na michikichi ya Malaysia na Indonesia. Nchi inunuayo mafuta yaliyokwisha kukamuliwa huyaacha mashudu kwa mkamuaji. Ndiyo sababu wenye viwanda vya chakula cha mifugo hutegemea mashudu na soya kutoka Uganda, Tanzania, Zambia na Malawi. Na mavuno ya huko yakipungua, au wanunuzi wa nchi nyingine wakifika kwanza, mfugaji wa Kenya hulipa tofauti.

Sababu ya nne ilitoka mbali. Tarehe 24 Februari 2022 majeshi ya Urusi yaliingia Ukraine. Nchi hizo mbili zilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ngano, mahindi na alizeti duniani. Bandari za Ukraine katika Bahari Nyeusi zilifungwa kwa miezi kadhaa, na bei ya nafaka ikapanda ulimwenguni kote. Mzee wa Nyeri ambaye hakuwahi kuiona ramani ya Ukraine aliulipia mzinga uliopigwa huko kila alipofungua gunia.

AMRI ILIYOTOLEWA

Mwezi wa Oktoba 2021 Rais aliiagiza Wizara ya Kilimo pamoja na Hazina ya Taifa zitoe, kwa muda wa siku 7, mpango wa kupunguza gharama ya chakula cha mifugo na kuku. Matokeo yake yalikuwa ruhusa ya kuingiza nchini malighafi za chakula hicho, kama mahindi ya manjano na mashudu, bila ushuru wa forodha. Ruhusa hiyo ilikuwa ya muda maalumu, si ya daima.

Ili mtu afahamu uzito wa jambo hilo, yapasa akumbuke kwamba tangu mwaka 2005 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina ushuru mmoja kwa bidhaa zitokazo nje. Mahindi yatokayo nje ya Jumuiya, na nje ya nchi nyingine zilizofunga mapatano ya biashara nasi, hutozwa ushuru wa asilimia 50. Ushuru huo uliwekwa kumlinda mkulima wa mahindi asiangushwe na mahindi ya bei rahisi kutoka ng'ambo. Kuuondoa, hata kwa miezi michache, ni kuchukua ngao ya mkulima mmoja na kumfunika mwingine. Kwa hiyo si jambo la kufanywa kwa pupa.

Mahindi ya manjano yalichaguliwa kwa sababu ya busara. Wakenya hawayapendi kwa ugali, na wazee wengi bado huyakumbuka kuwa chakula cha msaada cha miaka ya njaa. Lakini ng'ombe na kuku hawachagui rangi. Naam, mahindi hayo huongeza umanjano wa kiini cha yai. Yakiingia kwa wingi, mahindi meupe huachiwa watu, na lile shindano la sahani moja hupoa.

KWA NINI NAFUU ILICHELEWA

Hata hivyo, miezi ilipita na bei haikushuka. Baadhi ya viwanda vidogo vilisimamisha kazi. Watu wakaanza kunong'ona kwamba wafanyabiashara wameificha nafuu mifukoni mwao. Labda wako waliofanya hivyo; lakini sababu kubwa ilikuwa katika maneno ya ruhusa yenyewe, na kila mwenye kusoma angeweza kuiona.

Ruhusa ilitaka malighafi hizo zisitokane na mazao yaliyobadilishwa vinasaba, yaani mbegu ambazo wataalamu wamezitia sifa mpya katika maabara. Sharti hilo halikuzuka siku hiyo. Mwezi wa Novemba 2012 Baraza la Mawaziri lilikuwa limekataza mazao ya namna hiyo kuingizwa nchini, likisema kwamba usalama wake kwa afya ya watu haujathibitishwa vya kutosha. Afisa aandikaye ruhusa ya chakula cha mifugo hana uwezo wa kuitangua hukumu ya Baraza la Mawaziri.

Basi na mtu aipige ramani kwa kidole. Katika Marekani zaidi ya asilimia 90 ya mashamba ya mahindi na soya ni ya mbegu zilizobadilishwa. Soya ya Brazil na Argentina karibu yote ni ya aina hiyo, na mahindi ya Afrika Kusini yaliyo mengi pia. Huko kote ushuru uliondolewa, lakini sharti likayazuia magunia. Kwa upande wa pili, Uganda na Tanzania zimo katika Jumuiya, na Zambia na Malawi zimo pamoja na Kenya katika soko huru la mashariki na kusini mwa Afrika. Mazao ya nchi hizi yangeweza kulitimiza sharti, lakini hayo tangu hapo yalikuwa na njia ya kuingia bila ushuru. Palipokuwa na ushuru wa kuondoa, bidhaa haikukubaliwa. Palipokuwa na bidhaa ya kukubaliwa, ushuru haukuwapo. Ukraine, ambayo ingeweza kujaza pengo hilo, ndiyo iliyoingia vitani.

Ndivyo amri njema ilivyopita katikati ya mawe mawili bila kusaga kitu. Tarehe 3 Oktoba 2022 Baraza la Mawaziri la Rais William Ruto liliondoa katazo la mwaka 2012. Hapo napo palizuka mabishano. Wengine walishukuru, wengine walipeleka mashauri mahakamani, na wenye meli hawapendi kupakia shehena ambayo huenda ikakataliwa bandarini. Wakati huo misimu 4 ya mvua ilikuwa imekwisha kupotea, na ng'ombe aliyeuzwa Januari harudi zizini Oktoba.

Haya hayasemwi ili Serikali ilaumiwe bure. Yasemwa kwa sababu mkulima aliyeketi akingoja bei ishuke kwa amri alingoja kitu ambacho, kwa jinsi kilivyoandikwa, kisingeweza kumfikia upesi. Na hata kama sharti lisingalikuwapo, meli itokayo Amerika ya Kusini huchukua majuma mengi kufika Mombasa. Kisha kuna kupima, kupakua, kusafirisha, kusaga na kuchanganya. Ng'ombe wa maziwa akikosa chakula kwa majuma mawili tu hupunguza maziwa, na mara nyingi hayarudi kama yalivyokuwa mpaka azae tena.

MSAADA ULIOTANGULIA MSIBA

Kuna mfano mmoja unaoonyesha tofauti kati ya msaada uliotayarishwa na msaada unaotafutwa baada ya moto kuwaka. Mwaka 2015 Serikali ilianza bima ya mifugo kwa wafugaji wa Turkana na Wajir, na baadaye ikaipeleka katika wilaya nyingine kavu za kaskazini na mashariki. Bima hiyo haingoji kuhesabu mizoga. Vyombo vilivyo angani hupima ukijani wa malisho. Ukishuka chini ya kiasi kilichowekwa, malipo hutolewa ili mfugaji anunue nyasi na maji wakati mnyama wake angali amesimama. Bima hiyo haikuzuia msiba wa 2022, kwa maana ukame ulikuwa mkubwa kuliko mfuko, na waliokuwa ndani yake walikuwa wachache kuliko waliokuwa nje. Lakini fikira yake ni sahihi: mnyama husaidiwa kabla ya kuanguka, na kipimo hukubaliwa kabla ya shida kufika.

Mfugaji wa nyanda za juu hana chombo angani. Lakini anayo kalenda, na kalenda yake yajulikana. Januari na Februari hukauka kila mwaka, ukame mkubwa uwepo au usiwepo. Ajabu ni kwamba kila mwaka wako washangaao.

HESABU YA MKULIMA

Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulipowafungulia wakulima Waafrika njia ya kufuga ng'ombe wa daraja, mashamba mengi yalikuwa na nafasi ya malisho. Leo baba aliyerithi eka 6 amewagawia wanawe, na mwana mwenye eka moja na nusu ana nyumba, kahawa au chai, mahindi, na ng'ombe wawili bandani. Tangu miaka ya 1980 wakulima wa namna hii wamefundishwa kuwalisha ng'ombe wakiwa bandani kwa majani ya nepia, ambayo wengine huyaita mabingobingo. Majani hayo yamefanya kazi kubwa, lakini nayo yamepata maadui. Katika sehemu za kati za nchi upo ugonjwa uyafunikao masuke kwa unga mweusi kama masizi, na katika sehemu za magharibi upo ugonjwa uyadumazao mpaka yakawa manjano na mafupi. Mkulima aonaye dalili hizo na ang'oe shina zima na kuliteketeza, asipande vipande kutoka shamba la jirani lenye ugonjwa, na aulize juu ya aina zinazovumilia masizi, kama Kakamega 1 na Kakamega 2.

Sasa ije hesabu. Ng'ombe mwenye uzito wa kilo 400 huhitaji kadiri ya kilo 12 za chakula kilichokauka kabisa kwa siku. Nyasi kavu zilizohifadhiwa vema bado zina unyevu kidogo, kwa hiyo kilo 14 za nyasi hizo humtosha kwa siku moja. Kwa kiangazi cha siku 90, hizo ni kilo 1,260. Robota moja lililofungwa kwa sanduku la mbao la urefu wa sentimita 85, upana wa 55 na kina cha 45 huwa na uzito wa kadiri ya kilo 20. Basi ng'ombe mmoja huhitaji marobota 63 ikiwa hatapewa kitu kingine. Akipewa pia mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, mashina ya migomba na mashina ya viazi vitamu, nusu ya marobota hayo yaweza kumvusha.

Wako watakaosema kwamba marobota 30 ni mengi. Ni kweli, mtu akiyanunua Februari, wakati kila mtu anayataka. Lakini Mei na Juni nyasi hukatwa na kutupwa kando ya barabara, kwenye viwanja vya shule na makanisa, na kwenye mipaka ya mashamba. Mwenye shule huwa radhi zikatwe, maana zinamkera. Mkulima akikata nyasi zinapoanza kuchanua, akazianika siku mbili au tatu na kuzigeuza, akazifunga na kuziweka mahali pasipovuja, juu ya vipande vya mbao na si juu ya udongo, amejinunulia Februari kwa bei ya Juni. Sanduku la mbao laweza kutengenezwa na fundi yeyote, na majirani watano waweza kulitumia moja.

Njia ya pili ni kuvundika majani mabichi, ambayo wakulima wengi huyaita saileji. Nepia iliyofika urefu wa mita moja hivi, au mahindi ambayo punje zake zimeanza kuwa ngumu, hukatwa vipande vidogo, hunyunyiziwa molasi kidogo ikiwa ni nepia, hushindiliwa sana ndani ya shimo au mfuko mkubwa wa plastiki, na kufunikwa pasiingie hewa. Kazi yote ni katika kushindilia. Hewa ikibaki ndani, majani yataoza. Hewa ikitoka, yatakuwa na harufu ya uchachu wa kupendeza, na baada ya majuma matatu au manne yaweza kulishwa, au yakangoja mwaka mzima. Kilo 20 za majani hayo kwa siku, pamoja na nyasi kavu kidogo, humshika ng'ombe katika kiangazi.

Njia ya tatu ni kupunguza gunia lenyewe. Lusini, desimodiamu na majani ya kaliandra yana ule ule ujenzi wa mwili utafutwao katika mashudu. Wataalamu wamepima na kuona kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zinaweza kufanya kazi karibu na ile ya kilo moja ya unga wa ng'ombe wa maziwa. Mti huo hupandwa mpakani, hauombi eka. Mwenye ng'ombe mmoja huhitaji kadiri ya miti 500 iliyopandwa kama ua, nayo huanza kukatwa baada ya mwaka mmoja. Haitaondoa gunia kabisa, lakini aliyekuwa akinunua magunia mawili atanunua moja, na bei ikipanda itamuuma nusu.

AKIBA INAYOOZA

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Kwa fedha na kwa wema wanenayo ni kweli. Kwa chakula cha mifugo yapasa kuongeza neno, kwamba akiba haiozi ikihifadhiwa. Mahindi na mashudu yaliyowekwa yakiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo ilianza kujulikana mwaka 1960, wakati batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga yaliyoota ukungu. Mwaka 2004 sumu hiyo hiyo, ikiwa katika mahindi ya kula watu, iliua watu 125 katika sehemu za mashariki ya Kenya, wengi wao Makueni na Kitui.

Wakati wa uhaba ndio wakati wa hatari zaidi, maana mahindi ambayo mama amekataa kuyapika huonekana yanafaa kwa ng'ombe. Hayafai. Sehemu ya sumu aliyokula ng'ombe hupita ikaingia katika maziwa, na kuchemsha maziwa hakuiondoi. Mtu aliyedhani kwamba ameokoa gunia la mahindi amelirudisha mezani ndani ya kikombe cha mtoto wake. Ndiyo sababu mwezi wa Machi 2021 Serikali ilisimamisha kwa siku chache mahindi kutoka Uganda na Tanzania, kisha ikayaruhusu kwa sharti la cheti kuonyesha kwamba sumu hiyo haizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja. Wafanyabiashara walilalamika, lakini kipimo hicho ni cha kumlinda mlaji.

Aidha, uhaba huleta wadanganyifu. Wako wachanganyao unga wa mbao, mchanga au maganda yasiyo na nguvu, wakashona gunia vizuri na kulipiga chapa. Sheria ipo, Sura ya 345, ihusuyo mbolea na vyakula vya mifugo, na Shirika la Viwango lina alama yake. Mkulima na adai risiti, alitazame gunia kama lina jina la kiwanda na orodha ya vilivyomo, na maziwa yakipungua ghafula baada ya kufungua gunia jipya, aweke kando kiasi cha unga huo na kumpelekea afisa wa mifugo. Malalamiko yasiyo na ushahidi hupotea hewani.

YALIYO HAKI KUDAIWA

Kumwambia mkulima ajiwekee akiba hakumwondolei mwingine wajibu wake. Kwa Katiba ya mwaka 2010 ukulima na mafunzo yake yamekabidhiwa kaunti, na ushuru wa forodha umebaki kwa Serikali kuu. Mkulima anapaswa kujua mlango upi wa kubisha. Akitaka mtaalamu wa kumfundisha kuvundika majani, mbegu bora za malisho, au ghala la nyasi la ushirika, huo ni mlango wa kaunti. Akitaka ushuru, vipimo vya mpakani na masharti ya kuingiza mahindi ya manjano, huo ni mlango wa Nairobi. Ni haki yake kudai kwamba ruhusa ya namna ile ya 2021, ikihitajika tena, iandikwe baada ya kuulizwa mahali ambapo magunia yenyewe yatatoka, na itolewe wakati dalili za kwanza zinapoonekana, si baada ya mazizi kuwa matupu. Ni haki yake pia kudai kwamba ukulima wa alizeti, soya na pamba ufufuliwe kwa soko la hakika, ili mashudu yapatikane nyumbani.

Vyama vya ushirika navyo vina sehemu yao. Chama kinachokusanya maziwa ya watu 300 kila asubuhi kinaweza kununua nyasi kavu kwa lori mwezi wa Julai, kikaziweka, na kuwakata wanachama wake kidogo kidogo katika malipo ya maziwa. Mtu mmoja hana sauti mbele ya mwenye lori. Watu 300 wanayo.

Mwenye kungoja amri hana budi kungoja pia meli, cheti, kinu na lori. Mwenye marobota 30 chini ya paa lake hangoji kitu. Asubuhi ya Februari, vumbi likiwa njiani na majani yakiwa yamesinyaa, atafungua robota moja, ataligawa katika mahori mawili, kisha atachukua ndoo yake na kuketi kukamua. Bei ya gunia ikishuka siku hiyo, atashukuru. Isiposhuka, maziwa ya watoto yatakuwapo, na ng'ombe pia.